Kopo la Samli Juu ya Pasi

Mwezi wa Julai mji wa Tororo huwa na baridi ya kutesa. Asubuhi ukungu hulifunika jabali kubwa lililo juu ya mji mpaka huwezi kujua kama lipo, na upepo hupenya chini ya mlango. Siku zile za ukoloni, picha ya Malkia ilipokuwa bado ukutani katika kila darasa, msichana mmoja aitwaye Amuge aliishi karibu na stesheni ya reli kwa shangazi yake, Elinah. Alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Elinah alikuwa dobi. Kila asubuhi wawili hao walipiga magoti, wakamshukuru Mungu kwa usingizi na kumwomba mikono safi. Kisha kazi ilianza. Amuge aliwasha makaa, akayatia ndani ya pasi, akaipungapunga nje mpaka majivu yakapeperuka. Ilikuwa pasi nzito ya chuma, na komeo la kifuniko chake lilikuwa na umbo la jogoo.

"Pasi si jiko," shangazi alimwonya mara nyingi. "Usiweke kitu juu yake. Nguo za watu ni amana."

Amuge alisikia, lakini alikuwa na shida yake. Shuleni, Mwalimu Emojong alikagua ngozi za wanafunzi kila asubuhi. Aliyepauka alisimamishwa mbele ya wenzake. "Tazameni huyu! Ameoga kwa majivu!" mwalimu alisema, na darasa zima likacheka. Mafuta ya dukani hayakuwapo nyumbani. Amuge alijipaka samli aliyoletewa na mama yake kutoka kijijini, ndani ya kopo la sigara. Wakati wa baridi samli hiyo iliganda kama nta. Ukiipaka hivyo hivyo, inabaki mabonge mabonge juu ya ngozi.

Tena ilinuka. Fauziya, binti wa Mzee Sulaiman mwenye lori, alikuwa akiziba pua kila Amuge alipopita. "Mpisheni! Ng'ombe amefika, anataka kukamuliwa!"

Amuge alimchukia kwa neno hilo. Kila usiku alimwomba Mungu amsaidie kumsamehe, na kila asubuhi hasira ilirudi.

Ijumaa moja Fauziya hakwenda shule. Dada yake mkubwa, Aidah, alikuwa anaolewa, na bwana harusi na watu wake walikuwa njiani kutoka Busia. Jana yake jioni Fauziya ndiye aliyeleta kanzu nyeupe ya baba yake, ambayo Mzee Sulaiman angeivaa msikitini kumwozesha binti yake baada ya swala. Elinah aliifua usiku ule ule, akaianika karibu na jiko, akaamka mapema kuipiga pasi. Ilipobaki kifua tu, akakumbuka maji.

"Nakwenda bombani kabla foleni haijawa ndefu," alisema. "Pasi iache kwenye kigae chake. Usiiguse."

Mlango ulipofungwa, Amuge alitazama jiko. Sufuria ya uji ilikuwa juu yake. Akatazama pasi. Wiki ile alikuwa ameshajaribu jambo fulani, na hakuna aliyemwona. Akachukua kopo la samli, akaliweka juu ya kifuniko cha pasi, mbele ya mpini. Punde samli ikaanza kuyeyuka pembeni, laini, ya dhahabu. Alipaka mikono, akapaka miguu. Joto lake lilikuwa tamu kweli.

Akafikiri: kwa nini nisimmalizie shangazi kifua hiki? Atafurahi. Akashika mpini, kopo likiwa bado juu, akaivuta pasi juu ya kanzu. Kopo likateleza. Samli iliyoyeyuka ikamwagika kifuani pa kanzu, ikaenea kama ramani.

Alisugua kwa kitambaa, doa likazidi kupanuka. Akasikia ndoo ikitua nje. Haraka akalificha kopo chini ya kitanda.

Shangazi aliingia, akaona. "Nini hiki?"

"Ilikuja hivyo, shangazi," Amuge alisema. "Fauziya aliileta na doa. Si wanapika pilau ya harusi kwao? Hilo ni doa la samli ya pilau."

"Lakini nimeifua mwenyewe jana!"

"Taa ilikuwa hafifu, shangazi. Hukuliona. Joto la pasi ndilo limelitoa."

Elinah aliinamia kanzu, akainusa. Kweli, ilinuka samli. Uso wake ukabadilika. "Kumbe! Wananiletea uchafu wao, kisha waseme dobi ameharibu!"

Haukupita muda, Mzee Sulaiman akabisha hodi, amevaa shuka na koti, Fauziya nyuma yake na kikapu. Alipoiona kanzu, macho yalimtoka.

"Dada Elinah! Umefanya nini? Nitasimama mbele ya watu wa Busia na kifua kama cha mpishi?"

"Muulize binti yako!" Elinah alijibu kwa ukali. "Kanzu ilitoka kwako na samli. Mimi nafua nguo, sifui pilau!"

"Wallahi sikula pilau nikiwa nayo!" Fauziya alilia. "Ilikuwa safi! Niliikunja mimi na mama!"

"Nyamaza!" Mzee Sulaiman alimgeukia. "Jana nilikukuta jikoni unalamba mwiko. Leo utakaa kwa bibi yako, na mlango utafungwa. Hutauona uso wa dada yako akiolewa."

Fauziya hakulia tena. Alisimama wima kwa hasira, akamkazia macho Amuge. Amuge akatazama sakafu. Sehemu moja ya moyo wake ilisema: Vema, na yeye aone aibu. Sehemu nyingine ilikuwa inaungua.

"Na wewe, dada," mzee akaendelea, "una hakika gani? Msichana wako alikuwa wapi? Pengine ni yeye!"

Elinah alijiweka mbele ya Amuge. "Mtoto huyu nimemlea kwa sala. Hasemi uongo. Maisha yangu yote sijaapa, Mzee, lakini leo utanifanya niape. Mbele ya Mungu aliyeniumba..." Akainua mkono wa kulia.

"Usiape!" Amuge alipiga kelele, akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili. "Shangazi, usiape! Ni mimi. Niliweka kopo langu juu ya pasi."

Amuge akalitoa kopo chini ya kitanda. Bado lilikuwa na vuguvugu.

Elinah alilitazama kopo, kisha mkono wake. Alikuwa na hasira ambayo Amuge hakuwahi kuiona.

"Ulitaka niape uongo mbele ya Mungu," alisema polepole. "Nimemtukana mzee wa watu nyumbani mwangu. Kwa ajili ya miguu yako ing'ae!"

"Dada, kelele baadaye, sasa kanzu!" Mzee Sulaiman alisema. "Jua linapanda."

"Leo shule huendi. Lete unga wa muhogo," shangazi alimwamuru Amuge. "Na karatasi yako ya kukausha wino. Yote! Wewe Fauziya, mwanangu, pepea makaa."

Walinyunyiza unga juu ya doa, wakaacha unyonye, wakaukung'uta. Kisha Elinah akaweka karatasi ya kukausha wino chini na juu ya kitambaa, akapitisha pasi ya moto. Karatasi ikageuka manjano kwa samli. Akaweka nyingine, na nyingine. Pasi ile ile iliyoleta doa sasa ililivuta. Mwishowe akasugua kifua kwa sabuni, akasuuza, akapiga pasi mpaka kitambaa kikakauka. Adhana ya swala ya Ijumaa ilipoanza kusikika, kanzu ilikuwa nyeupe.

Mzee Sulaiman aliipokea. "Nisamehe, Fauziya," alisema kwanza. Kisha akamgeukia Amuge. "Hasira yangu haijaisha, msichana. Lakini ungenyamaza, leo ningemdhulumu mwanangu siku ya furaha."

Jioni Fauziya alikuja na sahani ya pilau iliyofunikwa. Akaisukuma mbele. "Bado nimekukasirikia. Mama ndiye amenituma."

"Nami nilikukasirikia kwa lile neno la ng'ombe," Amuge alisema. "Lakini haikuwa haki kukusingizia. Nisamehe."

Fauziya alikuna shingo. "Basi sitalisema tena. Kula, itapoa. Ina samli nyingi."

Alipoondoka, shangazi akalichukua kopo, akalitia katika bakuli la maji ya moto. Mabaki ya samli yakalainika polepole.

"Hivi ndivyo inavyoyeyushwa," alisema. "Ungeniuliza, ningekuonyesha siku ya kwanza. Kuharibu kanzu ni kosa la mikono, Amuge, nasi tumelifuta kwa unga na karatasi. Uongo haukai kwako peke yako. Leo uliniingia mimi, ukamwingia Mzee Sulaiman, na sote tukakasirika tukidhani tuna haki. Ukikosa, sema mapema, doa likiwa bado dogo."

Kisha akapiga magoti. Amuge akapiga magoti kando yake.