Bati la Padre

"Achilia bati yangu!"

"Ati yako? Jina lako limeandikwa wapi?"

Soko la Karatina lilikuwa limefurika Jumamosi hiyo, na wauza viazi waliacha kupima ili watazame ugomvi. Ncha moja ya bati ilikuwa mikononi mwa Warigia, mtunza kanisa kutoka Naro Moru, sweta ya kijani, kitambaa chekundu kichwani, macho ya kuchoma. Ncha ya pili alikuwa ameikamata kijana mrefu mwenye ovaroli iliyotapakaa rangi.

"Sakristia inavuja," Warigia alifoka. "Padre anavaa kanzu akinyeshewa."

"Mwambie avae koti ya mvua. Mimi ni Theuri, mchoraji wa mabango Nyeri, na bati ndiyo karatasi yangu."

Warigia alitaka kumtusi; kikamtoka kicheko. Akaondoka na bati, pamoja na namba ya simu ya adui wake.

Theuri alipomtembelea kanisani, Warigia alimwonyesha kitu alichokipenda kuliko vyote: picha ndogo iliyochorwa kwenye bati. Mtu anaanguka kutoka juu ya farasi, Bikira Maria anamtazama kutoka mawinguni, na chini kuna maneno ya shukrani.

"Padre wetu wa zamani alitoka nayo Meksiko," alisema. "Kwao mtu akiokolewa huchora balaa lenyewe, halafu anashukuru. Akishaokolewa, si kabla. Lakini wezi wanang'oa picha hizi makanisani huko, matajiri wanatundika sebuleni shukrani za watu wasiowajua."

Theuri hakupepesa macho. "Ningekuwa mwizi, ningeanza na hii."

"Na mimi?"

"Wewe ningekuiba na huo mdomo wako, mpenzi."

Mwezi uliofuata picha haikuwapo. Ukuta wa sakristia ulikuwa umesafishwa, msumari umebaki peke yake. Warigia alipiga simu.

"Theuri, rudisha picha."

"Rudia ulichosema."

"Ulisema ungeiiba!"

"Nilisema pia ningekuiba wewe. Umepotea?"

"Usinichezee! Padre aliniachia mimi funguo. Kanisa zima litaniuliza mimi!"

"Kwa hivyo umetafuta wa kumpa lawama."

Theuri alikata simu. Warigia hakungoja. Alikwenda Nyeri na wazee wa kanisa, wakapindua mikebe ya rangi na kufunua kila bati kibandani mwa Theuri. Hawakupata kitu. Mwenye bucha aliyekuwa akisubiri bango lake alitema mate chini.

"Siandikiwi na mwizi."

Theuri alisimama na brashi inayokauka. "Umeniita mwizi mbele ya watu," alimwambia Warigia. "Ukitaka kunijua tena, njoo uongee mbele ya watu."

Mvua za masika zilipoanza, Warigia aliweka ndoo sakristia kama kawaida, maana hakuiamini kazi ya fundi aliyeziba paa. Hakuna tone lililoanguka. Akainua macho kwenye pembe iliyokuwa ikivuja. Huko darini, kati ya misumari mipya, Bikira Maria alikuwa akimtazama.

Gatimu, fundi huyo wa paa, hakuona kosa alipoulizwa. "Niliikuta juu ya rundo la mabati. Bati ni bati. Na si haivuji?"

Warigia akakumbuka: ni yeye aliyeiweka juu ya rundo hilo, siku ya kusafisha ukuta.

Jumamosi alimkuta Theuri Karatina, kwa muuza mabati, pale pale walipogombania bati. Theuri alimpa mgongo.

"Sikilizeni!" Warigia alipaza sauti mpaka wauza viazi wakanyamaza. "Huyu nilimwita mwizi. Ni mimi niliyepoteza picha, naye nikamharibia jina!" Akainua kipande cha bati alichokichora mwenyewe. Kilikuwa na mwanamke mwenye mdomo wazi kama pango, na kando yake mnyama ameshika brashi.

Theuri aligeuka polepole, uso bado umekunjwa. "Hii ni mbuzi?"

"Ni wewe."

Soko likapasuka kwa kicheko. Theuri hakucheka. Alisoma maneno yaliyopinda chini ya picha: *Asante kwa kuniokoa na mdomo wangu.*

"Umekosea," alisema kwa ukali. "Si ulinifundisha mwenyewe? Watu hushukuru wakishaokolewa. Wewe hata sijakusamehe."

"Basi niokoe."

Theuri alihesabu miguu ya mnyama kwenye picha. Kisha akachomoa brashi mfukoni mwa ovaroli, akamtupia.

"Shika. Hakuna mbuzi wa miguu mitano. Na usidhani nimeacha kukasirika."