Chumba cha Nane

Jumamosi ile soko la vitu vikuukuu la Nuremberg lilifurika hadi mtu akikohoa anamkoholea jirani. Veit Zapf, seremala wa mtaa wa Gostenhof, alikuwa akipasua umati na fremu ya dirisha begani. Harufu ya soseji ikamgeuza kichwa, na alipogeuka fremu nayo ikageuka, ikampiga kumbo mwanamke mwenye koti la kijani na skafu ya rangi ya haradali.

"Kibirika changu!" mwanamke akapiga kelele.

Veit akatazama chini. Hakuona birika.

"Ni kidogo kama harage! Usikanyage! Simama hapo hapo, wewe bwana mwenye dirisha!"

Wakapiga magoti wote wawili kati ya miguu ya watu. Veit ndiye aliyekiona, kibirika cha shaba chenye mkono na mfuniko wake, kimejibanza kando ya kiatu cha bibi mmoja. Akakiweka kwenye kiganja chake kipana.

"Hiki kinachemshia nani chai?"

"Ni cha nyumba ya wanasesere. Nimekitafuta miaka minne, kwa hiyo lete."

"Jina kwanza."

"Irmela. Lete!"

"Basi nikununulie soseji tatu ndani ya mkate, nijitakase dhambi ya dirisha."

Irmela alitaka kukataa, akajikuta anacheka. Na mwanamke akishacheka katikati ya soko na mtu asiyemjua, jua mambo yameshaanza.

Irmela alikuwa fundi wa miwani. Mama yake aliyefariki mwaka uliopita alimwachia vyombo vidogo vya nyumba ya wanasesere, zaidi ya mia tatu, ndani ya maboksi ya viatu: vikombe, vitanda, sufuria, hata miwani isiyozidi punje mbili za mchele. Irmela alitamani jambo moja tu, kuvionyesha kwenye ukumbi wa parokia Jumapili ya kwanza ya Majilio, wiki nne kabla ya Krismasi, ili watu waone kazi ya mama. Veit akajitolea kumtengenezea visanduku vinane vya kutundika ukutani, kila kimoja chumba chake, kioo mbele.

"Mama alikuwa na vyumba saba," Irmela alimwambia.

"Cha nane utakiona siku ya maonyesho. Usinichokonoe."

Miezi miwili ikapita kwa simu.

"Uko wapi, fundi wangu?"

"Jikoni kwa mama yako. Naweka dirisha la sentimita tano."

"Na hujala."

"Nimekula vumbi la mbao, nimeshiba."

"Muongo. Nakuja na supu, kipenzi."

Mapenzi yakakolea. Lakini ukumbi ule uko kando ya reli. Siku tatu kabla ya maonyesho Veit alitundika kisanduku kimoja, treni ikapita, ukuta ukatetemeka, na kijiko kikadondoka. Akawazia aibu itakayompata Irmela mbele ya watu. Siku iliyofuata, Irmela akiwa kazini, akapasha gundi na kutia tone chini ya kila kitu, visanduku vyote. Akarudi nyumbani anapiga mluzi.

Jumamosi mchana Irmela alifungua kioo cha kisanduku cha jikoni, akashika kiti. Hakikutoka. Akajaribu kikombe, akajaribu sufuria.

"Veit, umefanya nini?"

"Nimevigandisha, mpenzi. Treni ipite isipite, havitikisiki." Alikuwa akisubiri busu.

Irmela akakaa kwenye benchi, uso umemshuka.

"Mama alishikiza kwa nta kidogo tu. Kila Jumapili ya kwanza ya Majilio tulisogeza viti karibu na jiko, kwa sababu baridi imeingia. Miaka thelathini, Veit! Na siku yenyewe ni kesho."

"Sikujua..."

"Hukuuliza! Hivyo ndivyo unavyopenda wewe? Kitu kikae ulipokibandika? Na mimi je, utanibandika wapi?"

Akatoka. Veit alipiga simu mara sita bila kupokelewa. Mwishowe, yeye asiyependa maneno mengi, akatuma ujumbe wa sauti:

"Irmela, nilipaswa kuuliza. Nisamehe. Gundi ile ni ya kizamani, ya kuchemsha ngozi za wanyama, maji ya uvuguvugu yanaiachisha. Babu alinifundisha hivyo, maana kila samani siku moja itataka kutengenezwa tena. Lakini sigusi tena kitu cha mama yako bila wewe. Kesho kuanzia saa mbili asubuhi niko ukumbini, maji yako motoni."

Irmela aliusikiliza mara tatu, analia, kiatu kimoja mguuni. Saa mbili na robo Jumapili akaingia ukumbini, nywele hazijachanwa, mkononi pamba na kopo la nta.

"Nimekuja kwa ajili ya mama, si yako."

"Karibu hata hivyo."

Wakainama pamoja, pamba kwa pamba, tone kwa tone. Viti vya jikoni vikaachia, Irmela akavisogeza karibu na jiko, akapangusa macho kwa skafu.

"Niliogopa vitaanguka," Veit alisema taratibu.

"Na vikianguka?"

"Tutapiga magoti tuvitafute."

"Ndivyo tulivyoanza, mjinga wewe," akasema, na goti lake likagusa la Veit, likabaki hapo.

Ikabaki robo saa milango ifunguliwe. Veit akafunua kitambaa cha kisanduku cha nane. Ndani mlikuwa na jiko dogo la kuni na viti viwili vya mti wa mpeasi, kando ya moto. Akachovya pamba aviachishe, Irmela akamshika mkono.

"Nani alikuambia uviweke karibu na jiko?"

"Hakuna. Nilivigandisha kabla hujanisimulia. Niliona ndipo penye joto."

Irmela akaitua pamba ndani ya bakuli.

"Hivi viache hivyo hivyo."

"Hata kiangazi?"

"Hata kiangazi. Ila siku nyingine uniulize kwanza."

"Basi nakuuliza," Veit akasema. Akapiga magoti, na safari hii hakuna kilichokuwa kimeanguka.

"Simama, bwana mwenye dirisha, watu wanaingia," Irmela akanong'ona. "Ndiyo. Nimesema ndiyo, simama!"