Mwili wa Wiki Tatu

Duka la mayai la jumla siku ya Jumamosi si mahali pa kutafutia mchumba. Watu wamebanana, trei tupu zimepangwa mpaka karibu na dari, na kila mmoja anataka ahudumiwe yeye kwanza. Lakini hapo ndipo binti mmoja mwoka keki alipoweka mkono juu ya trei mbili za mwisho, na mkono mwingine, mpana, wenye saruji kavu kwenye kucha, ukatua juu ya wake.

"Dada, hizo nilishazichukua kwa macho," mwenye mkono akasema.

"Basi zibebe kwa macho hivyo hivyo. Mimi nina keki ya harusi kesho."

Watu wakacheka. Kijana mwenyewe alikuwa fundi vigae, amevaa fulana iliyombana kifuani mpaka maandishi yake yamevutika hayasomeki. Mtaani wanamwita Tofali. Mchana yuko kazini, jioni yuko jimu anajiandaa kwa mashindano ya kutunisha misuli.

"Na mayai yote haya unakula mwenyewe?" binti akamuuliza.

"Nakula ute tu. Kiini namwaga."

Binti akashika kiuno. "Unamwaga kiini? Krimu yangu haitaki kingine ila kiini. Ute ndio namwaga mimi."

Wakatazamana. Muuza mayai akawaambia wachukue trei zao wakaoane, maana foleni ni ndefu.

Tofali akabeba trei mpaka jikoni kwa binti, chumba kimoja chenye oveni na meza ya bati. Binti akapasua, akatenga: ute kwenye chupa ya Tofali, viini kwenye bakuli lake. Jumamosi iliyofuata wakagawana tena, na nyingine tena, mpaka ikawa hakuna anayekumbuka kwamba walikuja kwa ajili ya mayai. Tofali akaanza kumwita binti Kiini. "Kiini changu, leo umevaa gauni la njano makusudi." "Nimevaa kwa sababu lile jingine liko kwenye maji, usijipe sifa."

Sasa keki ikiiva huvimba juu kama kichuguu, na mwoka keki hukata kile kifuniko ili iwe sawa. Vifuniko hivyo vikawa vya Tofali. Anakaa kwenye kiti cha plastiki, anakula vikiwa na moto, anafumba macho. Siku moja simu ikaita, akaiweka mezani kwa sauti ya juu. Alikuwa kocha wake, mtu mzima aliyewahi kupanda jukwaani mwenyewe.

"Umeanza kupunguza?" Kocha akauliza. "Nilikupa miezi minne. Nusu kilo kwa wiki, basi. Unakula, unalala, mafuta yanaondoka na nyama inabaki."

"Nimeanza, Kocha," Tofali akajibu, kifuniko cha keki mdomoni.

Binti akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nyinyi mnaosoma, kumbukeni kicheko hicho.

Maana kila wiki Tofali alisema ataanza Jumatatu. Jumatatu ikifika, kuna keki ya kipaimara cha mtu, kuna ya kuzaliwa. Miezi ikaisha hivyo.

Halafu siku moja binti alimfuata mlangoni kumkumbatia, Tofali akarudi nyuma.

"Unanuka vanila," akasema.

"Si siku zote nanuka vanila?"

"Leo imezidi." Akachukua chupa yake ya ute, akaondoka bila kukaa.

Binti akajinusa mikono, akajinusa kanga aliyojifunga. Usiku huo alioga mara mbili. Wiki iliyofuata Tofali hakuja kabisa, chupa ya ute ikakaa kwenye friji mpaka ikaharibika. Akipiga simu, inaita mpaka inakata. Ikipokelewa, sauti ni ya mtu aliyeamshwa.

"Mpenzi, uko wapi?"

"Niko jimu."

"Asubuhi ulikuwa jimu."

"Na jioni niko jimu. Kuna shida?"

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula wapi, Tofali? Maana kwangu huli."

Nyuma ya simu akasikia mtu anacheka. Alikuwa rafiki yake Tofali wanayemwita Chapchap, kijana wa jimu anayeuza vidonge kwenye begi la mgongoni.

"Mwambie tu ukweli," Chapchap akasema kwa mbali.

"Ukweli gani?" binti akauliza. "Ni nani huyo anayekupikia?"

"Usinipandishe hasira, Kiini. Sina nguvu ya kugombana." Akakata.

Hakuwa na nguvu kweli, lakini binti atajuaje? Moyo wa mtu anayependa ukishaona mwanamke mwingine gizani, unamvalisha na nguo kabisa. Alishampa huyo mwanamke kucha ndefu, mwili usionuka siagi, na sufuria inayochemka.

Asubuhi ya mashindano hakuvumilia. Akavaa gauni lake la bluu lenye mkanda, akaenda nyumbani kwa mama yake Tofali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Nilikuwa na hamu ya kukuona nikushukuru."

"Unishukuru kwa lipi, mama?"

"Kwa kumlisha mwanangu. Hapa nyumbani hagusi kitu, kila nikipakua ananiambia amekula kwako."

Binti akakaa polepole. "Mama, kwangu hajala siku nyingi. Mimi nilijua anakula kwako, au kwa mwingine."

Wakaangaliana wale wanawake wawili, na hapo hakuna aliyekuwa na mpinzani tena. Mama akaanza kueleza kwa sauti ya chini. Kwamba kijana analala amevaa sweta mbili na joto lote hili. Kwamba anatafuna barafu. Kwamba juzi alisimama kutoka kwenye kiti akashika ukuta kama kipofu, naye mama akadhani ni uchovu wa kazi. "Tangu jana hajanywa maji," mama akasema. "Nimeuliza, ananiambia ndivyo wanavyofanya kabla ya mashindano. Na anakwenda chooni kila mara. Anatoa nini, na haingizi kitu?"

Walifika ukumbini wamechelewa. Vijana walikuwa jukwaani wamepakwa rangi na mafuta, wanang'aa chini ya taa. Binti alimtafuta Tofali asimwone, mpaka mama akamshika mkono akamwelekeza. Alikuwa yule wa pembeni. Mishipa imemtoka mpaka tumboni, ngozi imegandama, hilo ni kweli. Lakini kile kifua kilichokuwa kinavuta fulana hakikuwepo. Mabega yalikuwa ya mtu mwingine, mdogo.

Kocha alikuwa amesimama nyuma yao, mikono kifuani.

"Kaondoa mafuta na nyama pamoja," akasema. "Kazi ya miezi minne kaifanya kwa wiki tatu. Nilimwambia aache mwaka huu, ajipange mwakani. Akaenda kwa Chapchap."

Washindi wakaitwa, Tofali hakuitwa. Binti na mama walipoingia nyuma ya jukwaa walimkuta sakafuni, miguu imemkaza kama mbao, midomo imepasuka. Chapchap alikuwa na chupa ya maji mkononi, anasema asipewe kwanza, kuna picha za mwisho.

Mama alimpokonya ile chupa, akampiga nayo begani, kisha akaita watu wabebe mwanawe.

Hospitali wakamtundikia dripu. Daktari akaeleza kwamba vile vidonge vya kukojosha vilikamua maji na chumvi yote mwilini, figo zimeumia, na moyo ulikuwa unapiga ovyo. "Zitapona?" mama akauliza. "Zinaweza," daktari akajibu, "lakini tutazipima kwa muda mrefu." Mama akalikamata hilo neno zinaweza, hakuliachia.

Siku ya pili Tofali akafungua macho vizuri. Binti alikuwa amekaa kando ya kitanda, gauni la bluu limekunjamana.

"Nilijua una mwanamke," akamwambia.

"Mwanamke gani. Sikuweza hata kupanda ngazi."

"Kwa nini hukuniambia?"

Tofali akageukia ukutani. "Nikuambie nini? Kwamba nimenenepa kwa keki zako? Ungejilaumu, ungeacha kunikatia. Nikaona nikimbie kidogo, nikauke haraka, nirudi kabla hujajua. Ulivyokuwa unanuka vanila, Kiini, nilitamani kulia."

Binti hasira zilimpanda, kisha akaikumbuka ile simu ya Kocha, akakumbuka alivyocheka.

"Ungeniambia, ningekukatia kipande kidogo," akasema mwishoni. "Ni hilo tu. Kipande kidogo."

Miezi imepita. Tofali amerudi kazini, anapanga vigae nusu siku, kila mwezi anakwenda kupimwa. Figo zinafanya kazi, ila bado zinajikongoja. Uzito unarudi taratibu kama Kocha alivyotaka ushuke. Jukwaa, daktari amesema asahau.

Jumamosi moja alikuja jikoni kwa binti, fulana ile ile, sasa inapwaya, maandishi yanasomeka.

"Nimeongea na mama," akasema. "Tuoane mwezi ujao. Nimeshakuchelewesha sana."

Binti akaendelea kukoroga krimu. "Na wewe kwa haraka hukomi?"

"Unanikataa?"

"Nimesema hivyo? Tutaoana. Kwanza daktari aseme umepona, wazee wakutane, nishone nguo. Taratibu, Tofali. Nataka mume wa miaka, huyo wa wiki tatu nimeshamwona."

Akachukua yai moja tu kwenye trei, maana ndilo daktari aliloruhusu, akalichemsha, akalimenya. Tofali akanyoosha kisahani kama zamani, akisubiri atengewe ute wake.

"Leo hatugawani," binti akasema, akamwekea yai zima.

Akavuta kiti kingine cha plastiki, akakaa mbele yake, akamtazama akitafuna mpaka akameza.