Kundi la Wasan

Kila siku baada ya Alasiri, Wasan humtengea Bibi Turkiya kahawa na tende, kisha huwasha simu. Msichana huyu wa Nizwa, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, ndiye aliyeanzisha kundi la WhatsApp la binamu zake wa miji ya Ibra na Sur. Wote walizoea Kiarabu, na humo walijifunza Kiswahili cha bibi yao, mzaliwa wa Unguja. Kila mmoja hurekodi neno na maana yake, naye Bibi husikiliza huku akicheka hadi machozi yamtoke.

Siku moja Wasan alirekodi: "Neno la leo ni mbuzi wa nazi. Ni mbuzi anayelishwa nazi ili anenepe."

Firas, binamu yake wa Sur, akajibu kwa kicheko: "Wallahi, Wasan! Mbuzi hiyo haili kitu! Ni kibao chenye meno ya chuma, cha kukunia nazi!"

Binamu wote wakacheka. Wasan akaona haya, akapandwa na hasira, akamtoa Firas kundini.

"Mbona umemtoa?" akauliza Lamya wa Ibra.

"Kundi nimelianzisha mimi," Wasan akaandika. "Anayenicheka hana nafasi humu."

Tangu hapo hakuna aliyerekodi tena. Waliogopa kukosea, na kumsahihisha Wasan waliogopa zaidi.

"Wajukuu zangu wamenuna?" Bibi akauliza. "Mbona siwasikii?"

Wasan akainama, akamweleza yote.

"Firas alisema kweli?"

"Ndiyo, Bibi. Lakini alinicheka."

"Ungemwambia kakuumiza. Wewe umemfukuza, na wenziwe umewafunga midomo. Sasa mimi n'tamsikiliza nani?"

Maneno hayo yalimchoma Wasan. Akampigia Firas simu.

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Nisamehe na mimi," Firas akajibu. "Nilikucheka mbele ya watu."

Wasan akamrudisha, akawaomba radhi wote, akamfanya Lamya msimamizi mwenzake. Wakakubaliana kwamba hatatolewa mtu mpaka wote washauriane. Kabla ya Magharibi, sauti zikaanza kumiminika, nyingine na makosa yake, na Bibi akazisikiliza moja moja.

"Umefanya vyema, mjukuu wangu," akasema, akimvuta Wasan ubavuni pake. "Aliyeanzisha jambo hupewa heshima, lakini watu hawawi mali yake. Wewe ndiye uliyewaita. Basi kazi yako ni kumlinda kila aliyeitika, hata yule anayekusahihisha."