Papai la Mbodze

Jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima vya Kwale Kahaso alipotumwa kuchuma papai.

"Moja tu," alisema Garama, baba yake mdogo. "Bichi, lisilodonolewa na ndege. Na uchume wewe mwenyewe, maana kesho shahidi ni wewe."

Kesho mzee Nzai angelishwa kiraho, kiapo cha kumfichua mchawi. Mjukuu wa Garama alikuwa amefariki kwa homa ya siku mbili, na tangu mazishi watu walikuwa wakizitazama mvi za Nzai kwa jicho jingine. Mganga angelisomea papai, kisha anayetuhumu na anayetuhumiwa wangekula wote wawili. Mwongo angevimba koo. Nzai akivimba, hakuna aliyeficha kitakachofuata. Vijana walikwisha kuweka petroli tayari.

Kahaso aliitwa kutoka Diani, jikoni hotelini, kwa kuwa alipokuwa na miaka sita alimtaja mchawi na hakukosea. Ndivyo alivyoambiwa. Yeye alikumbuka gauni jekundu alilopewa baadaye, basi. Lakini tangu utoto, papai likimgusa mdomo koo linafunga. Daktari alisema ni mzio. Purity, mwenzake wa jikoni, alimcheka kila asubuhi: "Mtu wa pwani anaogopa papai? Si uende uombewe."

Mpapai ulikuwa umeota palipokuwa na nyumba ya nyanya yake, Mbodze. Kuta za udongo zilikwisha kuanguka. Hapakuwa na upepo.

Akalisokota papai likakatika. Utomvu mweupe ukamchuruzika kidoleni.

Harufu ya ugoro...

"Nani?"

Nyuma ya kifusi mtu alipiga chafya ndogo, chafya ya aliyenusa tumbaku tangu ujana. Kisha sauti. Karibu na sikio. Sauti isiyo na haraka.

"Tema, mjukuu wangu. Tema."

Koo likafunga.

Hakuwa ameonja kitu. Papai lilikuwa mkononi, zima.

Alianguka magoti, na ile siku ikamrudia yote. Uwanja uliojaa watu. Garama akiwa kijana, amechuchumaa mbele yake, macho mekundu kwa kumlilia mwanawe wa kwanza, akinong'ona: "Sema ulimwona nyanya akicheza uchi makaburini. Sema tu. Ni yeye, mimi najua." Kahaso hakuwa ameona lolote. Alisema. Wakala papai, yeye na nyanya yake. Mbodze alitafuna, akameza, akajipangusa midomo.

Aliyevimba alikuwa mtoto.

Na kabla watu hawajatazamana, Mbodze alisimama. "Ni mimi. Mpeni mtoto dawa. Ni mimi."

Kesho yake walimwambia nyanya amehamia Lunga Lunga.

Kahaso alitema mate mpaka pumzi ikarudi. Papai akaliacha kwenye majani. Hakurudi kwa Garama. Alikwenda kwa Nzai, mdogo wake Mbodze, akamkuta ameketi kitandani kando ya koroboi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umekuja kunitazama kabla ya kesho?"

"Nilidanganya, babu. Wakati ule. Nyanya hakuwa mchawi."

Mzee aliupandisha utambi wa koroboi.

"Najua. Tulijua wengi. Aliyevimba ni wewe, na sisi tulikuwa na macho."

"Na mkanyamaza."

"Wengine walinyamaza." Alinyoosha mikono kwenye mwanga wa koroboi. "Walitaka mtu wa kumshika dada, wammwagie petroli. Walisema asiyeshika ni mwenzake. Nikashika."

Kahaso aliitazama ile mikono. Ilikuwa imekonda, kucha zimekatwa vizuri. Angeweza kuondoka. Kesho ingefanya kazi yake, na hata ingefanana na haki.

"Vaa viatu," alisema.

"Kwenda wapi?"

"Barabarani. Utalala kwangu Ukunda."

"Baada ya niliyokwambia?"

"Vaa, babu, kabla sijabadili nia."

Walipita njia ya nyuma, mashambani, giza likiwa ndiyo kwanza linaingia. Nzai alijishikiza kwenye mkono wake, akiburuta mguu. Hawakufika mbali. Alisimama, akavuta hewa puani.

"Umesikia harufu?"

"Tembea, babu."

"Ni ugoro wake. Alikuwa akiutia karafuu."

Kahaso aliisikia. Alisikia na miguu pia. Yake. Ya mzee. Na mingine, mitupu, ikikanyaga majani makavu nyuma yao taratibu. Wakisimama, inasimama. Haikusogea karibu. Haikubaki nyuma.

Taa za barabarani zilikuwa mbali bado, na Nzai alikuwa ameanza kuhema.

Hakugeuka. Hakuweza kujua kama nyanya yake alikuwa akiwasindikiza, au alikuwa akimsubiri mzee achoke. Wala hakujua, kati ya hayo mawili, yeye mwenyewe alikuwa akiombea lipi.