Lenzi Iliyomfuta Guka

Kila jioni, kabla hata ya kuvua viatu vya shule, Ruguru alifagia studio ya shangazi yake pale Runyenjes. Alipangusa vumbi kwenye pazia lililochorwa ndege ya kwenda Ulaya, kisha akawatuliza wateja waliokuja kuulizia picha zao. Hiyo kazi ya mwisho ndiyo iliyomtoa jasho, kwa sababu filamu zilipelekwa Embu mjini kusafishwa, na Embu haikuwa na haraka na mtu.

Ruguru alikuwa darasa la saba. Shangazi yake aliitwa Veronicah, lakini yeye alimwita Tata, kama watoto wa kule wanavyowaita shangazi zao. Mlango wa pili alikuwa Mama Oscar, muuzaji wa mitumba. Nguo aliziuza, lakini habari alizitoa bure, na habari zilikwisha haraka kuliko nguo.

Mwaka huo wa 1996 Tata alikuwa na kamera mbili. Moja ilikuwa kuukuu, aliyoizoea tangu usichana wake. Nyingine ilikuwa ya kisasa, ile inayojifanyia mambo mengi yenyewe, lakini lenzi yake ilianguka kwenye saruji siku ya arusi ikapasuka. Bei ya lenzi mpya ilitosha kununua ndama. Basi Tata akasafiri hadi Meru, akaingia mtaa wa Majengo, na kwa mjane wa mpiga picha mmoja aliyekuwa amefariki akapata lenzi ya zamani ya chuma, nzito kama jiwe la kusagia, kwa bei ya kuku wawili. Haikuingia kwenye kamera ya kisasa. Fundi Mithika, mchonga vyuma, akamtengenezea pete ya kuiunganisha, na ikakaa.

Mama Oscar alipoiona na kusikia ilikotoka alishika kifua.

"Veronicah! Umetuletea jicho la marehemu hapa Runyenjes?"

"Na hayo makoti unayouza, Mama Oscar, wenyewe wako wapi?" Tata alimjibu.

Watu wakacheka. Mama Oscar pia alicheka, lakini hakuisahau ile lenzi.

Tata alimfundisha Ruguru kuitumia. "Lenzi mpya hujifunga yenyewe ukibonyeza kitufe," alimweleza. "Hii haijui kujifunga. Mkono wako ndio akili yake. Ukizungusha pete hii ya mbele kushoto, tundu la ndani linafunguka kama mboni ya paka gizani. Mwanga unaingia mwingi, unaona vizuri, unamlenga mtu wako. Halafu kabla ya kubonyeza, zungusha kulia, ufunge. Fungua uone, funga upige. Sema."

"Fungua uone, funga upige," Ruguru alisema. Aliyasema maneno hayo mara nyingi, hata akiosha vyombo.

Jumapili moja ya mwezi wa Julai, Tata aliitwa kupiga picha za arusi mtaa wa Majimbo, Embu. Siku hiyohiyo alikuwa ameahidi kwenda kwa Mzee Nthiga, babu ya Njura. Njura ndiye aliyeketi dawati moja na Ruguru, na kama Njura, Ruguru naye alimwita yule mzee Guka.

"Utakwenda wewe," Tata alisema, akachukua kamera kuukuu na kumwachia ile ya kisasa. "Kasi ya kamera nimeshakuwekea. Wewe kumbuka pete tu."

Ruguru alitembea kijijini akiwa amenyoosha shingo kama twiga.

Aliwakuta wamevaa, wamejipaka mafuta, wamengoja. Jua, lililokuwa limejificha wiki nzima nyuma ya mawingu ya baridi, lilitoka ghafla na kuwaka. Cucu, mke wa Guka, aliketi kwenye kiti mbele pamoja na mwanawe Mwaniki, babake Njura. Njura alichuchumaa kwenye nyasi. Guka alikataa kiti.

"Mimi napigwa na Malkia," alisema.

Malkia alikuwa ng'ombe wake wa maziwa, aliyejulikana kata nzima. Lakini Malkia alipoona viti na kofia aligoma kusogea, akakita kwato zake hatua sita nyuma ya watu. Basi Guka naye akasimama huko nyuma, kamba mkononi, mrefu kama mnara wa maji.

"Mpiga picha, fanya haraka!" alipaza sauti. "Huyu hajui Kiswahili, simwezi kwa muda mrefu!"

Ruguru alifungua pete. Alimlenga Njura, na Njura akavimbisha mashavu kama chura. Watu wakaangua kicheko, Ruguru akacheka, wingu likaanza kulisogelea jua, na Guka akapiga kelele, "Sasa! Sasa!" Akabonyeza. Akabonyeza tena, na tena. Jua likazimika.

Alikuwa amefika nusu ya njia ya kurudi alipotaka kuifunika lenzi. Vidole vyake viligusa pete. Ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho.

Ruguru alisimama barabarani. Hakukuwa na mtu. Taratibu, kama anayerudisha sufuria iliyodokolewa nyama, aliizungusha pete ile kulia akaifunga, kisha akaendelea na safari.

Picha zilirudi Alhamisi. Tata alifungua bahasha, na mikono yake ikatulia. Cucu, Mwaniki na Njura walikuwepo, lakini nyuso zao zilikuwa nyeupe kama waliomwagiwa unga. Nyuma yao hapakuwa na mtu. Pale aliposimama Guka palikuwa na moshi mrefu. Pale aliposimama Malkia palikuwa na moshi mfupi.

"Ruguru," Tata aliita. "Ulifunga pete?"

Mama Oscar alikuwa ameshaingia, shingo mbele. Ruguru aliona macho yale yakimsubiri. Aliona pia kamera ikirudi kabatini na ufunguo ukigeuzwa.

"Nilifunga, Tata."

"Una hakika?"

"Haki ya Mungu, nilifunga."

Tata alimwamini, maana hakuwahi kudanganywa naye. Aliiinua lenzi kwenye mwanga wa dirisha, akaichungulia mbele na nyuma. Alipoiweka chini, alifuta viganja vyake kwenye sketi. Ruguru hakuwahi kumwona akifanya hivyo.

"Mimi nilisema," Mama Oscar alinong'ona. "Nilisema mimi."

Kabla viazi vya jioni havijaiva, nusu ya soko ilikuwa na habari.

Ijumaa Tata aliipeleka picha mwenyewe, akaomba radhi, akaahidi kurudia bila malipo. Guka aliishika picha kwa muda mrefu, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Huyu wa nyuma ni nani?"

"Ni wewe, mzee."

"Sioni mtu," Guka alisema.

Jumamosi alfajiri Malkia alikutwa amekufa. Alikuwa amevunja ua akala kabichi za jirani zikiwa na umande, na tumbo lake lilikuwa limejaa kama ngoma. Daktari wa mifugo alieleza kwamba ni gesi, kwamba jambo hilo hutokea. Watu walimsikiliza kwa heshima, kisha akaondoka na pikipiki yake, nao wakabaki wakitazamana.

"Walifutwa wawili," mtu mmoja alisema. "Mmoja ameshakwenda."

Guka alimchimbia Malkia shimo yeye mwenyewe, manyunyu yakimwangukia kutwa nzima. Jumatatu alikohoa. Jumatano alikuwa na homa, na pumzi yake ilisikika mpaka jikoni. Mwaniki alipotaka kumpeleka hospitali, mzee aligeukia ukutani.

"Hospitali ni ya watu waliotokea kwenye picha," alisema.

Ijumaa shuleni, Njura alihamia dawati la mwisho. Ruguru alipomfuata, Njura alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Usinikaribie. Baba amesema tusikaribie watu wa studio." Alijifuta pua kwa mkono wa sweta. "Guka hali chakula. Anaomba tu aletewe ile picha. Anasema labda leo atajiona."

Ruguru hakusikia somo lolote siku hiyo. Jioni alifagia studio ambayo haikuwa na uchafu, kwa maana hakuna mteja aliyeingia. Akina mama waliopita mlangoni waliwavuta watoto wao upande wa pili wa barabara. Hata Mama Oscar alikuwa amehamisha nguo zake hatua mbili. Usiku Ruguru alipofumba macho aliona moshi mrefu umesimama, kamba mkononi, ukimsubiri abonyeze.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi. Baada ya chai ya asubuhi alimkuta Tata akiifunga lenzi kwa gazeti na kuitia kwenye mkebe.

"Naenda kuitupa mtoni," Tata alisema bila kugeuka. "Nimekesha nikifikiri. Wewe ulifunga pete, kasi niliweka mimi, filamu ilikuwa mpya. Basi ni nini? Labda wanasema kweli. Labda nimemuua mzee wa watu."

Akakaza kifuniko cha mkebe.

"Tata, usiitupe," Ruguru alisema. "Sikufunga."

Tata aligeuka.

"Pete. Sikufunga. Nilicheka nikasahau, halafu nikaifunga njiani. Mama Oscar alikuwa hapo, nikaona aibu. Nikafikiri hutanipa kamera tena."

Ruguru alingoja kofi. Halikuja. Tata alimtazama tu, na kutazamwa kule kulimuuma kuliko fimbo.

"Vaa viatu," Tata alisema, akairudisha lenzi kwenye kamera. "Hayo maneno si yangu. Yana mwenyewe."

Kwa Guka watu walikuwa wamejaa kama kwenye matanga, wanaongea chinichini, na Mama Oscar anagawa chai. Guka alikuwa ameketishwa barazani aote jua hafifu, amefunikwa blanketi tatu. Mwaniki alipoona kamera aliinuka.

"Mmeleta hiyo kitu hapa tena?"

"Mwache mtoto aseme," Tata alisema.

Ruguru alisema. Sauti yake ilianza kama ya mbu, lakini hakuacha kitu: kicheko, pete, barabarani, kiapo cha uongo. Alipomaliza, kuku walisikika wakiparua. Guka alitikisa kichwa polepole.

"Anamwokoa shangazi yake. Ni mtoto mzuri."

"Basi jionee, Guka." Ruguru alipiga magoti mbele yake. Aliifungua pete, akalenga mpaka Njura, aliyekuwa hatua chache mbele, akaonekana wazi. Kisha akamshikia mzee kamera jichoni. "Unamwona Njura?"

"Namwona. Analia."

"Na Cucu, kule mlangoni mwa jikoni?"

Mzee aliigeuzia kamera kule jikoni.

"Amekuwa moshi," alisema, na watu wote wakavuta pumzi.

"Sasa zungusha pete hii kulia. Wewe mwenyewe, kwa mkono wako."

Kidole cha Guka, kilichokomaa kwa kuchuma kahawa miaka arobaini, kilishika pete. Tik. Tik. Tik.

"Kunaingia giza kidogo," alinung'unika. "Ngojeni. Ngojeni kwanza. Huyo! Cucu huyo! Na leso yake. Na kile kikapu kilichotoboka!"

Alizungusha kushoto, Cucu akawa moshi. Alizungusha kulia, Cucu akarudi. Alifanya hivyo mara tatu, kisha akashusha kamera na kumtazama mkewe kwa macho yake mwenyewe.

"Kumbe hukuwa umeenda popote."

"Niende wapi na uji uko motoni?" Cucu alimjibu, akijifuta machozi kwa ile leso.

Mama Oscar aliweka birika chini, akaomba kuchungulia. Akafungua, akafunga. "Ai! Kwa hivyo hata mimi naweza kumfuta mtu?"

"Wewe huwafuta kila siku bila lenzi," Guka alisema, akakohoa sana. Kikohozi kilipotulia, alinyoosha mkono. "Mwaniki, nipe koti. Twende hospitali."

Ilikuwa homa ya mapafu. Daktari alimwambia Mwaniki waziwazi kwamba wangechelewa siku mbili zaidi wangeleta maiti. Guka alilazwa siku tisa. Studio ilianza kujaa tena, na Mama Oscar alimweleza kila mteja jinsi yeye alivyojua tangu mwanzo kwamba shida ilikuwa pete.

Tata hakumrudishia Ruguru kamera mwezi mzima. Siku alipomrudishia, alimkalisha chini.

"Kusahau pete si dhambi," alimwambia. "Mimi pia nimeharibu filamu za watu. Ungeniambia siku ile, tungerudi tukapiga nyingine, tukacheka. Uongo wako ulikuwa mdogo kama punje ya wimbi. Lakini uliudondosha mbele ya watu wenye hofu, na hofu ni shamba lenye mbolea. Ng'ombe akafa kwa kabichi, mzee karibu afe kwa punje yako. Ukikosea, mwanangu, sema kosa likiwa bado dogo la kubeba peke yako."

Jumapili hiyo walirudi kwa Guka. Watu waliketi walivyoketi mwanzo, na mzee akasimama hatua sita nyuma, amekonda lakini bado mrefu, mkononi ameshika kamba ya ndama wa Malkia. Njura alivimbisha mashavu. Ruguru alicheka, lakini mkono wake haukucheka.

"Nimefunga!" alitangaza.

"Sisikii!" Guka aliita kutoka nyuma. "Nionyeshe!"

Ruguru aliiinua kamera juu ili wote waione pete, kisha akairudisha jichoni. Walikuwemo wote, kuanzia nyasi za mbele mpaka masikio ya ndama. Akabonyeza.