Gauni la Vipimo vya Kichwani

—Shemeji, gauni la harusi ulilomshonea ndilo lililomlaza humu!

Fundi cherehani aliduwaa mlangoni mwa wodi, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Dada wa mchumba wake hakumpa hata nafasi ya kuvuta pumzi.

—Gauni langu?

—Lilimgomea kiunoni. Akajua unamwambia kwa sindano kile ulichoshindwa kumwambia kwa mdomo: punguza mwili! Wiki tatu hajagusa mkate, wali wala viazi. Mwokaji mzima, mikate anainusa tu kama paka wa buchani!

—Lakini sukari yake ilishuka, aliniambia mwenyewe.

—Ilishuka mpaka akashuka nayo! Leo asubuhi kaanguka mbele ya oveni.

Daktari akatokeza kichwa.

—Sauti, jamani. Mlo huo si sumu. Wapo wagonjwa wa kisukari unaowasaidia kweli. Ila angekuja kwanza tumpunguzie dawa. Wanga amekata, dozi ikabaki ile ile.

—Umesikia, dada? Si sumu.

—Nimesikia "angekuja kwanza". Nani alimharakisha?

Fundi akapapasa mfuko. Kwenye simu yake kulikuwa na ujumbe wa juzi wa mchumba wake: "Nitaingia tu kwenye lile gauni, usijali." Naye, cherehani ikinguruma, alijibu bila kufikiri: "Safi, kaza buti!"

Akaingia. Mchumba wake alikuwa na dripu mkononi, midomo imekauka.

—Kwa nini hukuniambia linabana?

—Nikwambie nini, Fundi wangu? Wewe hukosei vipimo. Mtaa mzima unajua.

Fundi akaivua futi shingoni.

—Sikukupima.

—Nini?

—Wateja wote nawapima mara mbili. Wewe, hata mara moja. Nilikata kwa vipimo vya kichwani, vya siku ile ulipokuja kushonewa aproni. Miaka sita imepita. Nilijidai nakujua.

Mchumba wake alicheka kidogo, kisha machozi yakamtoka.

—Kumbe nilikuwa nashindana na mimi wa zamani.

—Nisamehe, mpenzi.

—Msamaha baadaye. Na mlo wangu siuachi, sukari ilianza kunitii. Ila safari hii ataamua daktari, siyo kiuno. Haya, nipime.

—Hapa hapa?

—Hapa hapa. Na iandikwe.

Dada, aliyemfuata ndani, akatoa kalamu. Futi ikazunguka kiuno juu ya shuka la hospitali. Fundi akaisoma namba, akapima tena mara ya pili, kama anavyompima mteja asiyemjua. Kisha akaitaja, na dada akaiandika.